Mbah Hakufunga Mwaka Huu

Tamanredjo,
Wilaya ya Commewijne,
Suriname.

7 Machi 1995

Mpendwa Shangazi Lasmi,

Salamu nyingi zikufikie huko Den Haag kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, wewe na Mjomba Harry na wale mapacha. Je, kile kikohozi kimekuachia? Na baridi, imelegea kidogo? Hapa mvua imesimama, mfereji umeshuka, na vumbi la barabarani linatupigisha chafya tangu asubuhi. Baba mzima, Mama mzima, mimi mzima. Na Mbah, mama yako, ambaye najua ndiye unayemtafuta kwenye mistari hii, naye ni mzima. Hivi ninavyoandika yuko uani anagombana na kuku.

Asante sana kwa kifurushi. Viatu vimenitosha kabisa, nilivivaa siku ya Bodo, sikukuu yetu ya kumaliza mfungo, na sikuvivua mpaka jioni ingawa vilinibana kidogo kisigino. Mbah anasema blanketi ulilomletea ni la watu wa barafu, analitukana kila siku, halafu analala nalo.

Shangazi, barua yako ya mwisho kwa Baba ilikuwa na hasira. Ulimuuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kumzuia mama yako kufunga Ramadhani, na kama huku siku hizi tumeacha dini. Baba aliisoma amesimama, akaikunja, akanipa. "Jibu wewe, Tina. Wewe ndiye uliyekuwepo." Mama akacheka: "Huyo ajibu? Huyo hata dukani anaonyesha kitu kwa kidole!" Ni kweli, naona haya, sauti yangu hupotea watu wakinitazama. Lakini kuandika naweza. Karatasi hainitazami.

Basi najibu. Ni kweli, Mbah hakufunga mwaka huu. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika tena.

Mwezi ulipokaribia, baada ya kile kisomo chetu cha kuwaombea marehemu, nilimpeleka Mbah zahanati kwa sababu ya kisukari chake. Unajua Kiholanzi cha Mbah ni "habari za asubuhi" na "ghali mno", basi. Tangu nilipoanza shule mimi ndiye mdomo wake kwa daktari na kwa kila mwenye mhuri. Daktari alikuwa mgeni, kijana, anaongea kama anayekimbizwa. Alisema mengi: asifunge, dawa hizi haziendi na tumbo tupu, ale mara tatu kwa siku, halafu maneno mengine marefu juu ya vyakula ambayo sikuyashika vizuri. Nilitaka kumwomba arudie. Nyuma yetu kulikuwa na foleni. Nikanyamaza, nikamgeukia Mbah nikamwambia kwa Kijava: "Anasema usifunge. Ule mara tatu."

"Nile?"

"Ule, Mbah. Mara tatu. Usiache."

"Haya. Nitakula."

Shangazi, wewe umelelewa humu humu ndani. Kwa lugha yetu kula ni kula wali. Mtu akimaliza samaki wawili na mihogo ya sahani nzima, akiulizwa atasema bado hajala. Daktari alisema kula kwa Kiholanzi, mimi nikasema kula kwa Kijava, na Mbah akasikia wali. Mara tatu.

Na hakuishia hapo. Ramadhani ilipoingia, Mbah akafanya hesabu yake mwenyewe. Unakumbuka ile funga ya wazee wetu waliotoka Java, ya wali mweupe na maji matupu, bila chumvi, bila mboga, bila chochote chenye ladha, ambayo mtu huifunga akiwa na jambo zito? Ndiyo aliyoichagua. Akatuambia: "Daktari kasema nile, nakula. Mungu kasema nijinyime, najinyima. Nani atanidai?" Baba alimsifu. Hata mimi nilimsifu. Niliona ana akili kuliko sisi sote, amewaridhisha wote wawili. Hatukujua kwamba wali mweupe mtupu, kwa mtu wa kisukari, ni kama kumlisha sukari kwa kijiko.

Akaanza kuwa na kiu. Akawa anasinzia akikuna nazi. Siku moja nimetoka shule, nikamkuta amekaa kwenye ngazi, nikamwamkia, hakuitika. Macho yapo wazi lakini yeye hayupo. Nilipiga kelele. Mimi, Shangazi, nilipiga kelele mpaka majirani wa ng'ambo ya mfereji wakatoka. Tukavuka naye kwa kivuko hadi hospitali ya mjini, Baba amemshika kichwa, Mama anasoma kila dua aijuayo.

Daktari wa huko aliuliza amekuwa akila nini. Nikasema wali. Akauliza na nini kingine. Nikasema maji. Akaweka kalamu chini. "Nani alimwambia ale hivyo?" Hapo ndipo lile neno lilipogeuka kichwani mwangu nikaliona upande wake wa pili. Nilimwambia: mimi. Nikamweleza kwa nini. Hakunikaripia. Alisema hata yeye, aliyesomea, hakujua kwamba kula kuna aina yake. Nilimshukuru Mungu kwa mtu yule. Na nilimshukuru zaidi keshokutwa yake, Mbah alipofumbua macho akauliza ni nani aliyemvalisha gauni lisilo na mgongo.

Nilidhani shida imekwisha. Kumbe ndiyo imeanza.

Mbah aliporudi nyumbani, tukamweleza tena, polepole: hakuna kufunga, na hakuna funga ya wali mweupe. Mboga, samaki, tempe ya soya, wali kidogo tu. Akasikiliza. Halafu akageukia ukutani.

"Sasa mimi Ramadhani yangu iko wapi?" akasema. "Watu wote wamo ndani ya mwezi, mimi nimewekwa nje kama viatu. Kesho nafunga."

Baba akapandisha sauti. "Mama, utakufa!"

"Nife nimefunga, kuna ubaya gani? Wewe niliyekutapikia miezi yote, leo ndio unanifundisha dini?"

Baba akatoka nje akakaa na mbwa. Mama akajaribu kwa upole, akaambulia: "Nenda kaangalie sufuria yako." Kesho yake kweli Mbah hakugusa kitu mpaka mchana, na dawa alizificha chini ya mto. Jioni mikono ilikuwa inatetemeka hawezi kushika kikombe. Daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba akianguka tena huenda asiamke. Tukawa watu wa kumlinda mtu mzima kama mtoto, na yeye akatuchukia kwa hilo. Hapo ndipo binamu yangu alipokupigia simu akakwambia tunamzuia. Hakusema uongo.

Sasa hii ninayoandika naiandika kwa kuwa wewe ni mwanamke na uko mbali. Katikati ya mwezi siku zangu zilifika. Sikufunga, kama tulivyofundishwa. Lakini Baba yuko, wajomba wanaingia na kutoka, nami sikutaka mtu ajue. Kila nikisikia njaa nilijificha nyuma ya mlango wa jikoni, panapowekwa kuni, nikala nimechuchumaa. Mchana mmoja nina ndizi ya kukaanga mdomoni, mlango ukavutwa. Mbah, na fimbo yake.

"Nilidhani panya. Unakula?"

Nikaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa.

"Siku zako?"

Nikaitikia tena.

"Sasa unajificha nini? Umeiba?"

"Naona haya, Mbah."

"Haya! Aliyekuumba hivyo ndiye aliyekwambia ule. Ukifunga leo hupati thawabu yoyote, unajishindisha njaa bure, tena unapata dhambi. Toka hapo ukae mezani kama mtu."

Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nilimeza ile ndizi nikasema: "Na wewe, Mbah?"

"Mimi nini?"

"Wewe pia amekwambia ule."

Kuku wakapita katikati yetu hakuwafukuza. Nilifikiri atanipiga na fimbo. Halafu akasema, "Mdomo huu umeutoa wapi wewe, bubu?" Lakini hakuwa amekasirika. Alijishusha polepole akakaa juu ya gogo, karibu nami.

"Wewe utalipa," akasema. "Mwezi utaisha, utafunga siku zako, utakuwa safi. Mimi nitalipa lini, nduk, mjukuu wangu? Mwakani nitakuwa mgonjwa zaidi. Nitalipia kaburini?"

Kumbe ndilo hilo lililokuwa likimlaza macho ukutani. Alidhani analimbikiziwa mzigo ambao hatapata nafasi ya kuutua. Nia ya kutuhangaisha haikuwamo kabisa. Sisi sote tulimweleza habari za sukari. Hakuna aliyemweleza habari za Mungu.

Nikaenda kumwita Pak Kaum, mzee wa msikiti wetu. Ndiye yule yule aliyekufungisha ndoa, sasa amebakiwa na jino la mbele moja. Nilisimama mlangoni kwake muda mrefu mpaka mkewe akaniuliza kama nimetumwa au nimepotea.

Akaja alasiri. "Nasikia hapa kuna mtu anataka kujiua ili apate thawabu," alisema kabla hajakaa. "Usinikaribishe chai, nimefunga."

"Sikuwa nakukaribisha," Mbah akajibu.

"Vizuri. Bado una sumu, hufi leo."

Mbah akamweleza yote, kwamba alifunga tangu hajavunja ungo, alifunga akikata miwa Mariënburg jua likiwa utosini, alifunga akiwa na msiba wa Babu. Pak Kaum alimwachia amalize. Kisha akasema: "Painem, mgonjwa anayetarajia kupona hula, halafu hulipa siku zake. Mzee, au mgonjwa asiye na matumaini ya kupona, halipi kwa kufunga. Hulisha. Kwa kila siku anamlisha maskini mmoja, basi, amemaliza. Hii si huruma yangu wala amri ya daktari. Imo humo humo kwenye Kitabu, pale pale penye amri ya kufunga. Ukichukua ile ukaiacha hii, unamchagulia Mungu maneno."

Mbah akafikiri. "Na zile siku za wali mweupe?"

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Basi nazo lisha. Njaa ya ulimi si saumu."

Alipoondoka, Mbah alinyooka kitandani kama aliyepata kazi. "Tina, kamata yule jogoo."

Shangazi, alipika kama ana harusi. Kuku wa kukaanga, tempe, mboga za mchuzi wa karanga, wali. Akasema maskini wa Mungu hapewi makombo. Akapanga kwenye kile kibebeo cha bati cha ghorofa tatu, akanikabidhi, akasema: "Peleka kwa maskini."

"Yupi, Mbah?"

"Utamwona."

Hapo ndipo nilipojua kwamba kijijini kwetu maskini hakuna. Nilianza kwa akina Mak Redjo, ambao bati lao la jikoni limeliwa na kutu mpaka unaona nyota. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba nimeleta fidia ya saumu ya Mbah.

"Fidia? Fidia si ya maskini?" Mak Redjo akaweka mikono kiunoni. "Kwa hiyo Painem amekaa kwake akaona sisi ndio maskini wa mtaa? Mwambie mwanangu yuko Rotterdam ana gari! La milango minne!"

Kutoka ndani mumewe akauliza, "Ni chakula gani hicho?"

"Nyamaza wewe! Rudi na kuku wako, binti."

"Ni kuku?" sauti ikauliza tena, na mlango ukafungwa.

Nyumba ya pili walinicheka. Ya tatu sikubisha, nilisimama tu nikaondoka. Nikapanda baiskeli na kibebeo kikining'inia kwenye usukani, nikalia huku napiga pedali. Jua lilikuwa linashuka. Nilijua nikirudi nacho kimejaa, Mbah ataona hata hii imemshinda, na kesho atafunga.

Mwisho wa barabara ya mfereji kuna nyumba ya Pak Ngadimin. Unamkumbuka. Watoto wake walikwenda Uholanzi wote mwaka ule wa uhuru, mkewe alifariki mwaka jana, na watu wanasema anafuturu biskuti na maji. Lakini ni mtu wa mashariki, wa wale wanaosali wakielekea mashariki iliko Maka kutoka hapa, tena mmoja wa wale wa kwanza. Sisi bado tunasali tukielekea machweo kama walivyosali babu zetu Java, na wao hawachoki kutucheka kwamba wazee wetu walishuka melini wakasahau kugeuka. Tangu msikiti ulipogawanyika, kabla sijazaliwa, Mbah na Pak Ngadimin hawajaambiana hata neno moja. Sikuwa na ruhusa ya kwenda pale. Nilikwenda.

"Nani?"

"Tina, Pak. Mjukuu wa Mbah Painem."

"Yule anayempa Maka kisogo?"

"Ndiyo, Pak," nikasema, kwa hofu tu.

Akacheka mpaka akakohoa. "Umebeba nini?"

"Chakula."

"Cha kisomo? Mizimu inuse kwanza, halafu mimi nile mabaki yake? Sili."

"Hapana, Pak. Hakijawekewa marehemu yeyote. Ni fidia."

Kicheko kikakatika. Alinitazama, akatazama kibebeo, akatazama uwanja wake ulivyofagiwa safi. "Fidia hupewa maskini," akasema taratibu.

"Ndiyo, Pak."

"Kwa hiyo nimekuwa maskini."

Nilitaka kusema hapana, lakini ingekuwa uongo, na kusema ndiyo nisingeweza. Nikasema lililokuwapo: "Mbah anaumwa, Pak. Hawezi kufunga tena. Hawezi kuumaliza mwezi huu bila mtu wa kumsaidia, na nimezunguka kila nyumba, hakuna anayetaka kumsaidia."

"Kumsaidia kula kuku?"

"Ndiyo, Pak."

"Basi maskini hapa ni nani, mimi au yeye?"

"Leo ni yeye, Pak."

Alisimama vile vile, mkono kwenye nguzo. Kipaza sauti cha msikiti wao kikaanza kukwaruza, kikaadhini. Pak Ngadimin akanyoosha mkono akapokea kibebeo. Akafungua kwa funda la maji, akakaa kwenye ngazi, akala. Mimi nikasimama na baiskeli yangu, natazama mfereji ili asione natazama. Alipomaliza alisema, "Mwambie pilipili kidogo."

Mbah alikuwa akinisubiri mlangoni. "Amekula nani?"

Nikamwambia. Nilifunga macho nikimwambia.

"Ngadimin? Yule aliyeugeuza msikiti kama samaki kikaangoni?"

"Huyo huyo."

"Akala?"

"Akala, Mbah. Akamaliza."

"Akasema nini?"

"Kasema pilipili kidogo."

Mbah akagonga fimbo chini. "Pilipili kidogo! Mzee asiye na meno, pilipili kidogo!" Kesho yake alitia pilipili nikapiga chafya njia nzima.

Hivyo ndivyo tulivyoendelea, Shangazi. Kila siku kabla ya machweo nilikuwa njiani. Siku nyingine vibebeo viwili, kulipia zile zilizopita, na alipoona ni vingi Pak Ngadimin akamwita mlinzi wa ghala la pale jirani, Mhaiti mmoja ambaye sijui hata sala yake inaelekea wapi, ila Pak Kaum alituambia njaa yake itatosha. Na kwa kuwa kwetu hakuna anayethubutu kurudisha chombo kitupu, kibebeo kilirudi na vitu vya bustani yake: karela, mchicha, kunde zile ndefu, biringanya. Vyote vile vile alivyoagiza daktari. Mbah alisema mboga za mtu wa mashariki ni chungu, akazila zote. Alikula mchana, mezani, mlango wazi, kama alivyoniamuru mimi. Mama alipomtania, "Mbah, Ramadhani hii?" alijibu, "Niache, nina mtu wa kumlisha, lazima nipate nguvu za kupika."

Tuliporudi zahanati, sukari yake ilikuwa imeshuka. Yule daktari kijana akaanza tena kukimbia na maneno. Nikamwambia: "Polepole, tafadhali. Rudia." Nyuma kulikuwa na foleni ndefu kuliko ya siku ile. Akarudia. Nikamwomba arudie tena.

Sasa nikueleze mwisho, halafu nipumzike, mkono unaniuma.

Mwaka huu tena hesabu zetu na za watu wa mashariki hazikukutana. Wao waliuona mwezi, kipaza sauti chao kikatangaza sikukuu. Kwetu, kwa hesabu ya wazee, ilikuwa imebaki siku moja. Asubuhi watu wa mashariki wakapita na nguo mpya, watoto wao wakila peremende mbele ya watoto wetu makusudi. Mbah akaamka ana wasiwasi.

"Leo nani atakula siku yangu? Kwa Ngadimin leo ni Bodo. Atazunguka nyumba za watu, atajaa kama gunia. Mtu aliyejaa humlishi, unambebesha tu."

Nilimwambia nitafute mwingine. Akakataa. Alipika, akafunika, akaniambia nisiende popote. Alasiri nzima alikaa kwenye ngazi anatazama vidole vyake. Siku moja tu, Shangazi, lakini kwake ilikuwa kama amesimama ndani ya mfereji na ukingo umemkatalia mkono.

Jua likiwa bado juu kidogo, tulimwona Pak Ngadimin anakuja kwa miguu. Kanzu mpya, kofia nyeusi, saruni ya mistari. Akafika kwenye kidaraja chetu, ambacho hajakikanyaga tangu mimi sijazaliwa. Akavuka.

"Painem! Leo chakula changu kiko wapi?"

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake kwa miaka yote hiyo. Mbah hakusimama. "Leo kwako ni sikukuu. Umekula tangu asubuhi."

"Nimealikwa nyumba nne. Nimekula biskuti moja tu, isije ikawa nimefunga, maana leo kufunga kwangu ni haramu. Tumbo lote lililobaki nimekuwekea wewe."

Mama akaziba mdomo kwa mtandio. Mbah akasogea pembeni, akampa nafasi kwenye ngazi. "Kaa. Ngoma yetu bado haijalia."

"Ngoma yenu. Mimi leo naweza kula saa yoyote."

"Subiri."

"Nisubiri? Siku ya Bodo?"

"Subiri, Ngadimin."

Akasubiri. Walikaa ngazi moja, yeye analalamikia njaa, Mbah anaondoa inzi kwenye sahani. Ngoma ya msikiti wetu ilipolia, Baba na Mama wakafungua kwa maji, mimi nikafungua, na Mbah akafunua sahani akamwekea mbele yake kwa mikono miwili, kama anavyowekewa mgeni mkubwa. Akala. Sisi sote tulikuwa na njaa lakini hakuna aliyegusa chake. Tulimtazama yeye anatafuna, kwa ufizi wake, wali, samaki, karela za bustani yake mwenyewe. Alipofikia mwisho alipangusa sahani kwa kidole.

"Umeshiba?" Mbah akauliza.

"Nimeshiba, Painem."

Mbah akapitisha viganja usoni, taratibu, kutoka kwenye paji mpaka kidevuni.

"Basi nimemaliza kufunga," akasema.

Shangazi, kesho yake ilikuwa Bodo yetu. Tulipiga magoti mmoja mmoja mbele ya Mbah kuomba radhi kama kawaida. Wewe hukuwepo, nami siwezi kufika kwako, kwa hiyo napiga magoti hapa kwenye karatasi: nisamehe makosa yangu ya nje na ya ndani, ninayoyajua na nisiyoyajua. Na umsamehe Baba. Hakujua la kukuandikia kwa sababu kila akianza analia.

Nisalimie Mjomba Harry. Wabusu mapacha, waambie dada yao wa Tamanredjo anataka kujua kama theluji ina ladha. Msalimie pia Mak Sarinten wa ghorofa ya chini anayekuletea tempe. Mbah anakusalimu, anasema ule vizuri, na nimemuuliza anamaanisha nini, amesema uelewe mwenyewe.

Mungu akufunike huko ugenini kama anavyotufunika huku, azipokee saumu zako na shibe za watu wetu, na atukutanishe kabla nywele za Baba hazijaisha.

Mtoto wa kaka yako akupendaye hata asiposema,

Roestina (Tina)